Wingi wa Jaribio

Jumatatu, 4 Novemba 2013

Hermani amesema "sio" tena, na chai ilikuwa bado haijaletwa. "Hiyo sio kazi ya leo, Mwalimu." Si, nikamwambia. Hiyo si kazi ya leo. Akatabasamu — tabasamu lile la kumvumilia mtu — akarudi kugonga vibonye vyake kama anayeua chawa.

Tangu mwezi wa nane nakaa chumba kimoja na mtu huyu. Nilistaafu ukaguzi wa shule nikidhani nimemaliza kusahihisha. Viazi vyangu vya Endagikot na ng'ombe wangu wawili walinitosha. Ndipo Mama Judica, mratibu wa umoja wa wakulima, aliponifuata nyumbani. Wana programu ya kompyuta inayotunga jumbe za ushauri na kuzituma kwenye simu za wakulima wa Mbulu na Hanang. Nikamwomba anionyeshe ujumbe mmoja. "Ng'ombe yako ikikohoa iitie daktari." Nikaikubali kazi siku hiyo hiyo. Kwa hasira.

Utaratibu ni huu. Mimi naandika sentensi zilizo sahihi. Hermani anazigeuza kuwa majaribio. Kila jaribio hupima kipande kimoja kidogo tu cha programu: hukipa maneno, hungoja sentensi itoke, kisha huilinganisha na ile yangu. Zikifanana, kompyuta huandika kwa kijani. Zikitofautiana, kwa nyekundu. Hili nalikubali. Ni usahihishaji, na mashine haina mjomba darasani.

Lakini leo ameleta uvivu mpya. Kuendesha majaribio yote huchukua muda mrefu, umeme wa sola hautoshi, betri hufa katikati. Kwa hiyo ameandika programu nyingine ndogo ya kuchagua. Inasoma mwanzo wa kila jina la jaribio, inachukua yanayohusu kilichobadilishwa, inayaendesha hayo tu. Mengine yanalala.

"Nimegusa mbegu, naendesha za mbegu. Za maziwa za nini?"

Ya mbegu, nikamwambia. Majaribio ya.

"Mimi nasema testi, Mwalimu. Testi za."

Hapo hakukosea, na hilo liliniudhi zaidi.

Jumatano, 6 Novemba

Nimelipeleka jambo kwa Mama Judica. Nilimweleza kwamba katika ukaguzi wangu wote sikuwahi kumwacha mwalimu wa darasa anichagulie wanafunzi wa kuwauliza. Atakuletea wale wanaojua. Utaandika "vizuri sana" na kuondoka, na nyuma yako darasa zima halijui kuandika jina lake.

Alinisikiliza kwa adabu. Ni Mmeru, amelelewa. Kisha akasema: "Mwalimu wangu, hatuna dizeli ya kuliuliza darasa zima kila siku. Acha kijana achague."

Kijana ana miaka thelathini na mke.

Alikuwa mlangoni, amesikia yote. Tulipotoka akaniambia: "Ungenifundisha wewe darasa la tano, Mwalimu, ningeacha shule."

Kwa Kiswahili chako, nikamjibu, nilidhani uliacha.



Ijumaa, 8 Novemba

Hermani yuko Dirma kwenye posa ya mdogo wake. Ofisi imetulia kama kanisa siku ya kazi.

Nimeitumia siku vizuri. Jambo moja tu la maana amenifundisha mtu huyu: kufungua faili la majaribio, kubadilisha maneno na kuhifadhi. Nikalifungua ili kupitia sentensi zangu, macho yakaangukia majina. Kila jaribio lina jina lake, maneno yamegandishwa bila nafasi. Sawa, mashine inataka hivyo. Kuna jaribio la mbegu la umoja, lenye sentensi moja. Halafu kuna jaribio la mbegu la wingi — na ndani yake sentensi kumi zimepangwa moja chini ya nyingine, kila moja inapimwa peke yake.

Hilo si jaribio. Hayo ni majaribio.

Na ni hivyo kote: mbegu, mifugo, maziwa, mbolea. Wageni wa Arusha wanakuja mwezi ujao kulitazama faili hili, na jina langu limeandikwa juu yake kuwa mimi ndiye msahihishaji. Nikayanyoosha yote ya wingi, moja baada ya jingine. Majaribio ya mbegu. Majaribio ya mifugo. Alasiri nzima kwa kidole kimoja. Nikahifadhi.

Sikumwachia maelezo. Sahihisho halihitaji maelezo, linajionyesha.

Jumatatu, 11 Novemba

Halikujionyesha. Hermani amerudi akinuka moshi wa nyama ya posa, amekaa, hakuona chochote. Mtu anayeangalia faili lake bila kulisoma.

Amepangua sehemu nzima ya ukanushi na kuiandika upya. Kisa ni mimi: wiki iliyopita nilimwonyesha kwamba programu yake huandika "hauwezi kupanda" pale inapotakiwa kusema "huwezi kupanda". Alinung'unika kwamba nusu ya nchi husema "hauwezi". Nikamwambia nusu ya nchi haikupita mikononi mwangu.

Alipomaliza akaendesha majaribio ya mbegu kwa kile kichaguzi chake. Kijani, kijani, kijani. Yalikwisha kabla sijavaa miwani.

"Unaona? Zamani tungekunywa chai mbili."

Hata mimi nilishangazwa na wepesi ule. Nikamuuliza kama yote yamepita.

"Yote yaliyochaguliwa."

Nikamwambia hilo ni jibu la mgombea udiwani.

"Ni jibu la mashine, Mwalimu. Mimi nimetafsiri tu. Na Kiswahili chake kilikuwa safi, hukukiona?"

Kilikuwa safi, kweli. Sikumpa raha ya kulikiri.

Alhamisi, 14 Novemba

Ujumbe wa mbegu umetumwa leo.

Mwezi uliopita umoja uligawa mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya wadudu, zile za rangi ya waridi. Mvua imechelewa, watu wamepanda kidogo, mbegu zimebaki ndani ya nyumba. Na maghala ni matupu. Mama Judica anaogopa mtu asije akazitia chunguni. Hofu yake ina msingi. Mwaka jana kliniki ziligawa unga uliotiwa virutubishi, na huku kila mtu aliuita "unga wenye dawa" na kuutafuta kwa bidii. Watoto walinenepa.

Tumegombana saa nzima juu ya sentensi mbili. Hermani alitaka kuandika "zina madawa". Dawa haichukui ma-, nikamwambia, umoja ni dawa na wingi ni dawa.

"Basi tuandike sumu. Watu wanaijua sumu."

Nilikataa. Sumu hutengenezwa ili imuue mtu. Hii imetengenezwa kuua wadudu, na jina lake ni dawa. Hatuwezi kuwatisha wakulima kwa sababu mwandishi hajui maana ya neno. Akatazama juu kama anayehesabu mabati, akaandika nilivyosema.

*Mbegu zilizobaki zimetiwa dawa. Usizile.*

Mkulima mmoja mmoja hupata huo. Mwenyekiti wa kikundi hupata wa wingi, na programu hugeuza yenyewe. Nami nimo katika orodha ya wakulima, kwa hiyo simu yangu iliupokea alasiri. Niliusoma herufi kwa herufi. Hakuna neno la ziada wala lililopungua. Laiti kila kitu kinachotoka ofisi hii kingefanana nao.

Jumamosi, 16 Novemba

Dada Letisia amepiga simu kutoka Masieda. Huko mtandao uko kilimani tu, na upepo wa kilimani hula nusu ya maneno. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za ng'ombe. Kisha:

"Nikolausi, ule ujumbe wa mbegu, umeandika wewe?"

Nimeuandika mimi.

"Hivyo hivyo ulivyo? Maana hapa kikundini Philomena anabisha, anasema hauwezi kuwa..."

Upepo. Nilisikia "hauwezi" na damu ikanipanda. Nilijua bila kuuliza kwamba huyo Philomena ni wa aina ya Hermani. Nikamwambia dada: mwambie asibishane na sentensi. Nimeipitia herufi kwa herufi. Fanyeni kama ilivyoandikwa.

"Basi. Kama ni wewe, basi. Hata ule unga wa mwaka jana walianza hivi hivi kuogopa..."

Ikakatika.

Dada ananizidi umri, lakini mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Baba alinipeleka shule mimi, yeye akapelekwa machungani. Likizo zote nilimchorea herufi chini kwa kijiti mpaka akasoma. Leo ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na kabla ya kutii ujumbe anapanda kilima kuuliza ni wa nani. Huyo ni msomaji. Hermani na vyeti vyake hajawahi kuniuliza swali kama hilo.

Jumapili, 17 Novemba

Misa. Padri amesema "masaa". Simu nimeizima, kama kila Jumapili.

Jumatatu, 18 Novemba

Naandika juu ya goti, kando ya barabara. Niyaweke kwa mpangilio.

Asubuhi Marko, jirani yangu na mwenyekiti wa kikundi cha Endagikot, aliingia ofisini akicheka peke yake.

"Shikamoo Mwalimu. Siku hizi mnatulisha sumu?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanipa simu yake. "Mke wangu anasema kama umetuchoka majirani utuambie tu, tutahama."

*Mbegu zilizobaki zimetiwa dawa. Mzile.*

Niliusoma. Nikausoma tena. Msizile — ndivyo ilivyotakiwa. Silabi moja imeanguka katikati, na kilichobaki ni sentensi iliyonyooka. Hakuna kitakachomshtua msomaji. Nafsi ya pili wingi, kiambishi cha mbegu, kitenzi, mwisho wa e. Amri safi.

Marko hakuzila. Yeye ujumbe umemchekesha, anazijua mbegu. Mimi nilikuwa nimekwisha sikia upepo wa kilimani na sauti ya dada: hivyo hivyo ulivyo?

Nilinyakua simu ya ofisi. Namba ya dada haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Kisha nikamgeukia Hermani. Nilimwita muuaji. Naliandika neno hilo kwa sababu nililitamka, mbele ya Marko na mbele ya Mama Judica aliyekuja mbio kwa kelele zangu. Nilisema nilionya juu ya kuchagua, nilisema ameacha yasiyojua nje ya darasa akaniletea yanayojua. Mama Judica aliusoma ule ujumbe kwenye simu ya Marko. "Hermani, jioni utakusanya vitu vyako. Mwalimu aliniambia tangu mwanzo." Akaenda chumbani kwake kuwapigia mabwana shamba wa kata zote, Marko akamfuata kumpa namba za wenyeviti anaowajua.

Hermani alivuta kiti. Aliketi akaendesha majaribio ya mbegu. Kijani, kijani, kijani, yakaisha upesi kama siku ile. Nikamwambia mashine yako inasema uongo. Yeye akafungua orodha ya majaribio yaliyoendeshwa, akaishusha polepole kwa kidole. Yote ni ya umoja. Hata moja la wingi halimo.

Akalifungua faili lenyewe. Akapitia majina, moja baada ya jingine.

"Zinaanza na ma," akasema.

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Kichaguzi chake huchukua kila jina linaloanza na "jaribio". Lisiloanza hivyo hakilioni. Hakisemi kimekosa, hakiandiki nyekundu. Kinapita tu. Tangu nilipoyasahihisha majina, majaribio ya wingi hayajaendeshwa hata mara moja. Na alipouandika upya ukanushi aliisahau nafsi ya pili wingi, na hapakuwa na kitu cha kumshika mkono.

"Nani amebadilisha majina, Mwalimu?" Hakuwa anauliza.

Ni wingi, nikamwambia.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni wingi."

Ni sahihi. Bado ni sahihi. Sentensi kumi ni majaribio, na lugha yetu huanzia mbele. Aliyeandika kichaguzi cha kutazama mwanzo wa neno alipaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimelirudia njia nzima na sijaona pa kulipinga.

Akayaendesha yale kumi. Nyekundu zote. Na kando ya kila kosa, kompyuta imeweka sentensi yangu, ile iliyotakiwa: msizile, msiwape, msizisage. Zimekuwa pale wiki nzima, zimekaa sawasawa, na hakuna aliyeziita.

Alilirekebisha kosa upesi, mstari mmoja. Kisha akageuka na kiti.

"Kabla ya kutuma masahihisho. Niendeshe yote, Mwalimu, au nichague? Yote ni mpaka saa nane, kama betri itakubali."

Chagua, nikamwambia.

Akachagua yale kumi tu. Kijani. Ujumbe mpya niliuandika mwenyewe, kwa kidole changu: *Mbegu hizi ni sumu. Msizile.* Hermani aliliona lile neno. Hakusema kitu, na ningependa angesema.

Majibu yakaanza kuingia: umefika, umefika, umefika. Masieda haukufika. Bwana shamba wa Masieda yuko semina hapa hapa Mbulu mjini. Mama Judica akasema lazima mtu aende, Hermani akawa ameshika funguo za pikipiki. Akanyoosha kofia ngumu kunielekea. "Wewe ndiye watakayekusikiliza."

Mama Judica alitufuata mpaka uani. "Mwalimu, ukirudi unieleze vizuri ilivyotokea, niandike." Hermani alikuwa anakaza kofia yake. Nikamwambia nitaeleza nikirudi.

Mnyororo wa pikipiki umekatika kabla ya mteremko. Hermani amelala chini anaufunga, na kipande cha waya mdomoni. Ametazama mbele akasema: "Sio mbali tena." Si mbali, nikamwambia. "Si mbali," akarudia, na waya mdomoni.

Hakuna gari lililopita. Jua liko utosini. Masieda watu hutoka shambani saa nane.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba simu yangu ingali imezimwa tangu jana. Asubuhi sikuigusa, nilitumia ya ofisi. Nimeiwasha. Ujumbe mmoja umeingia, wa dada. Ameupandia kilima asubuhi na mapema, ameutuma, ameshuka.

*Nikolausi, mdogo wangu. Mbegu tumeziosha mpaka rangi imetoka. Philomena amekubali baada ya kusikia kwamba ni wewe. Leo tukitoka shambani tutazipika na maharage, tutakula sote pamoja na watoto. Ahsante kwa kutukumbuka.*

Nimepiga. Haipatikani.

Hermani anauliza dada ameandika nini. Nausoma tena, neno kwa neno, nikitafuta kosa. Kila nukta iko mahali pake. Kila kiambishi kimekubaliana na jina lake. Niliufundisha mkono huu kwa kijiti, na hakuna kosa hata moja.